Nimerudi likizo ya Desemba nimechoka kuliko nilivyoondoka. Hivi likizo inaponya akili kweli?

#1 Mhasibu wa Bandarini

Habari wakuu.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar. Mwaka jana nilipiga kazi Januari mpaka Desemba bila kupumzika hata wiki moja. Kufika Novemba nikawa nafanya mambo ya ajabu. Naingiza ankara moja mara mbili. Nasimama jikoni sijui nimefuata nini. Mtoto ananiita mara tatu ndiyo nasikia. Usiku simu ikitetemeka moyo unaruka, kumbe ni tangazo la vifurushi.

Nikasema dawa ni likizo. Nikaomba siku 16, nikapewa. Tarehe 20 tukapanda basi Mbezi, mimi, mke wangu na watoto wawili, tukaenda nyumbani Kibosho. Huko nikakuta ubatizo wa mtoto wa dada, harusi moja, misiba miwili, na kikao cha ukoo kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la familia. Tarehe 4 Januari tukarudi. Tarehe 6 nimekaa mezani kwangu, nikawasha kompyuta, nikaitazama dakika kama 20 bila kugusa kitu. Machozi yakanilenga. Mwanaume wa miaka 39.

Tunaambiwa likizo inapumzisha akili. Nauliza kwa dhati: ni kweli? Au kuna namna ya kwenda likizo ambayo sisi wengine hatukufundishwa?

#2 Boda wa Mbagala

Pole sana mkuu. Wala usione aibu kusema.

Ila niseme la kwangu. Sisi wengine neno likizo tunalisikia kwenu. Mimi pikipiki ni ya mkataba, kila siku napeleka hesabu ya 10,000. Nikilala nyumbani leo, hesabu ya leo haijalala. Kwa hiyo hata nikipumzika, kichwani nahesabu. Mwili uko kitandani, akili iko barabarani Zakhem inatafuta abiria.

#3 Jirani wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Mleta mada, ulichofanya hukwenda likizo, ulikwenda ushago, yaani kijijini kwenu. Hivyo ni vitu viwili. Huku kwetu Desemba watu wote hushuka nyumbani na wakirudi Januari wako hoi, mfukoni na mwilini. Likizo ni mahali ambapo hakuna mtu anayekungojea.

#4 Mwanasheria Kijana

Pole mkuu. Kwanza tuweke haki yako sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12. Wewe umechukua 16. Zile 12 zimekwenda wapi? Ulizidai?

Na uelewe kwamba sikukuu ya umma ikiangukia ndani ya likizo inahesabiwa humo humo. Ukichukua likizo kuanzia tarehe 20 Desemba, Krismasi, siku inayofuata na Mwaka Mpya zote zimekatwa kwenye siku zako. Ungeondoka Februari ungepata mapumziko zaidi kwa idadi ile ile ya siku.

#5 Jirani wa Voi

Mmetupita mbali hapo. Sisi sheria ya 2007 inasema siku 21 tu.

#6 Mwanasheria Kijana

Hapana ndugu yangu, hapo tusomane vizuri. Zenu ni siku 21 za kazi. Zetu ni 28 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zimo. Anayefanya kazi siku 5 kwa wiki, 28 zetu ni siku 20 za kazi. Kwa hiyo mfanyakazi wa ofisini wa Nairobi anamzidi wa Dar kwa siku moja. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, hapo ndipo Mtanzania anamzidi, 24 kwa 21.

#7 Jirani wa Voi

Asante wakili. Miaka yote hii nilikuwa nawaonea wivu bure.

#8 Mama Wawili

Nimesoma maelezo ya mleta uzi mara mbili. Ameeleza uchovu wake vizuri na nampa pole ya kweli. Sasa kaka yangu, naomba nikuulize. Mkeo alipumzika?

Mimi ni mke wa Mchaga, naishi Tabata, nimeajiriwa. Desemba yangu ni hii. Saa 11 alfajiri nimeamka, moshi wa kuni machoni, namenya ndizi za mtori. Ukishamenya ndizi mbichi vidole vinakuwa vyeusi, na utomvu hautoki kwa sabuni, mpaka upake mafuta ndiyo usugue. Wakwe wapo, wifi zangu wapo na watoto wao, mwaka huu tulikuwa watu 23. Nikimaliza chai ni vyombo, nikimaliza vyombo ni cha mchana. Wanaume wako nje na mbuzi na mbege, wanacheka, na mimi ninafurahi kuwasikia wakicheka maana ni ndugu zangu pia. Lakini tarehe 5 Januari nikiingia ofisini na kukuta kiti changu, meza yangu, na chai ambayo mtu mwingine ameichemsha, ndipo ninapopumzika.

Kwa hiyo kabla hatujauliza kama likizo inatibu akili, tuulize ni likizo ya nani inayobebwa na mgongo wa nani.

#9 Boda wa Mbagala

Dada umenifanya nimuangalie mke wangu hapa.

#10 Msoma Takwimu

Uzi mzuri. Niongeze yale ambayo watafiti wameyapima, maana swali la mleta mada limeulizwa sana huko Ulaya.

Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa 2010 uliwafuatilia watu wazima 1,530. Wanaojiandaa kwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wasiokwenda. Baada ya kurudi, wengi wao hawakuwa na tofauti yoyote na waliobaki nyumbani. Waliobaki na nafuu kidogo ni wale tu waliosema mapumziko yao yalikuwa ya utulivu mkubwa, na hata hao iliwaishia ndani ya wiki chache.

Mwingine ni wa Jessica de Bloom na wenzake, wa 2013, kuhusu likizo ndefu za zaidi ya wiki 2. Hali ya mtu ilipanda haraka, ikafika kileleni kama siku ya 8, halafu wiki ya kwanza ya kazi ikarudi pale ilipokuwa.

Kwa maelezo hayo, mleta mada si mgonjwa wala si wa ajabu. Likizo ni kama kunywa maji. Hunywi leo ukategemea yakutoshe mpaka Desemba ijayo. Afadhali vipande vifupi vingi kuliko kipande kimoja kirefu.

#11 Binti Tumbe

Assalam aleikum. Mie nipo Muscat mwaka wa tano, kazi za ndani. Mkataba wangu ni miaka miwili miwili ndipo naenda kwetu Pemba.

Hilo la furaha ya kungojea ni kweli tupu, sikujua kama wazungu wamelipima. Miezi mitatu kabla ya safari mie huwa mtu mwengine. Nanunua kidogo kidogo, leo kanga, wiki ijayo manukato ya mama, viatu vya watoto wa kaka. Nafungua sanduku usiku nalipanga upya. Hiyo ndiyo likizo yangu, pale sakafuni na sanduku.

Nikifika Tumbe siku mbili ni vigelegele. Siku ya tatu wanaanza kuja mmoja mmoja. Huyu paa linavuja, huyu ada, huyu kesi. Na siwalaumu, dhiki ni kweli. Lakini usiku silali. Safari ya mwanzo nilirudi Muscat mikono mitupu na deni juu. Kwa hivyo mie nasema kinachomchosha mtu likizoni si ndugu wala si kazi. Ni pesa. Mpe huyo kaka likizo ile ile Kibosho na milioni tatu mfukoni ambazo hazina mwenyewe, aje atwambie kama atalia mezani.

#12 Ticha Sumbawanga

Wasalaam. Sisi walimu watu wanatuonea wivu kwa likizo za shule. Naomba nitoe ushuhuda ambao huwa sisemi. Kila shule ikifungwa, siku ya pili au ya tatu naumwa. Kichwa, mafua, mgongo. Muhula mzima sikuumwa hata siku moja. Nauli ya likizo yenyewe tunaipata kila baada ya miaka miwili, na mwaka wa nauli nikifika nyumbani Kasulu nalala wiki nzima mama ananipikia uji. Kuna mwenye maelezo?

#13 Msoma Takwimu

Mwalimu hauko peke yako. Ad Vingerhoets wa Uholanzi alilichunguza jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wanaougua mara tu wanapoacha kazi, na wengi walikuwa wenye mzigo mkubwa wa kazi na moyo wa kuwajibika sana. Sababu zinabishaniwa. Wengine wanasema mwili uliokuwa umekaza unalegea ghafla. Wengine wanasema ulikuwa unaumwa siku zote, hukuwa na nafasi ya kusikia.

#14 Pangani Mashariki

Nimewasoma wote. Mimi ni mtu wa lugha kidogo, niruhusuni niingilie upande huo.

Bibi yangu Pangani alikuwa akisema "mtoto amelikizwa", maana yake ameachishwa ziwa. Kulikiza ni kumwachisha mtoto kunyonya, na humo ndimo limo neno likizo. Aliyewahi kukaa nyumba moja na mtoto anayelikizwa anajua. Siku za mwanzo ni kilio. Analala kwa kushtuka, anapata homa, anamtafuta mama usiku kucha. Wiki ya pili anaanza kula, analala, anacheza.

Sasa mwalimu anaumwa siku ya tatu. Mhasibu alipewa siku 16, na ndani yake kuna siku mbili za barabarani. Mnataka mtu aliyenyonya kazi mwaka mzima aachishwe kwa wiki mbili, tena simu iko mfukoni? Kwangu mimi siku 8 za yule mtafiti ni siku za kulia tu. Likizo inaanza zinapoisha.

#15 Msoma Takwimu

Mzee, lugha yako nimeipenda, ila siku ya 8 ilikuwa kilele cha kujisikia vizuri, si mwisho wa kilio. Watu walipata nafuu tangu siku za mwanzo.

#16 Pangani Mashariki

Hao walikwenda kulala ufukweni, mwanangu. Hawakwenda kwenye kikao cha mpaka wa kihamba.

#17 Nesi wa Dodoma

Habari zenu. Nimefanya kazi kwenye wodi za afya ya akili miaka 14. Nataka nizungumze na mleta mada moja kwa moja, tuache utafiti kidogo.

Kaka, kuna uchovu wa kazi na kuna sonona, na kwa nje vinafanana. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019, limeuandika ule uchovu uliopitiliza kama hali inayotokana na kazi, halikuuita ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Uchovu wa kazi mara nyingi unakushika ukiwa na kazi au ukiifikiria kazi, lakini mtoto akikuchekesha unacheka kweli. Sonona haichagui. Chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda huyataki, unaamka saa 9 usiku hulali tena, na hali hiyo inakaa karibu kutwa nzima, karibu kila siku, wiki 2 au zaidi. Hiyo ukiipeleka Kibosho utarudi nayo. Ukiipeleka Zanzibar utarudi nayo. Inataka tiba, na tiba ipo, na watu wanapona.

Nimeona watu waliopoteza miezi kwa kuambiwa "wewe unahitaji likizo tu". Familia inachanga nauli, inampeleka mtu kijijini akapumzike, anazidi kuzama kwa sababu kule kila mtu anamuuliza mbona umekonda.

Naomba ujibu hapa au hata moyoni mwako. Unalala? Unakula? Katika zile siku 16, kuna hata saa moja ulijisikia mwepesi? Na kama kuna wazo lolote la kutaka kufa, usilibebe peke yako mpaka kesho. Mwambie mkeo leo, uende hospitali leo.

#18 Mwanasheria Kijana

Niunganishe na alichosema nesi. Mtu akiwa mgonjwa asitumie likizo ya mwaka kujiuguza. Kuna likizo ya ugonjwa, siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, za kwanza 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Na ugonjwa wa akili ni ugonjwa.

#19 Mhasibu wa Bandarini

Nimerudi. Sikutarajia majibu mengi hivi, asanteni.

Nesi, nakula. Kulala nalala vibaya lakini nalala. Wazo la kufa halipo, nakushukuru kwa kuuliza, hakuna aliyewahi kuniuliza. Swali lako la saa moja nimelibeba tangu jana na nimepata jibu ambalo limenishangaza.

Tarehe 29 baba mdogo alinigongea saa 12 asubuhi, akaniambia zamu ya kusafisha mfongo ni ya kwetu. Wasio wa huko, mfongo ni mfereji wa maji unaoshuka mlimani kupitia vihamba vya watu, na kila ukoo una sehemu yake ya kutunza. Nilikasirika. Nilikwenda na gumbuti za marehemu baba ambazo ni kubwa kwangu, na jembe. Simu niliiacha juu ya gunia la mahindi kwa sababu suruali niliyovaa haikuwa na mfuko.

Tulitoa matope, majani ya kahawa, chupa za plastiki, jiwe moja ambalo tulilisukuma watu watatu. Maji ya kule ni baridi mpaka mifupa inauma. Baba mdogo hakuwa anaongea, anaonyesha tu kwa kidole, hapa, pale. Tulipotoa lile jiwe maji yalisimama kwanza, yakazunguka na takataka zake, halafu yakapita yote kwa mkupuo, nikayasikia yakishuka mpaka kwa jirani wa chini. Niliporudi nyumbani nilidhani imepita saa moja. Ilikuwa karibu saa 4. Nilikuwa sijawaza ofisi hata mara moja.

Nikachukua simu pale kwenye gunia. Kundi la WhatsApp la ofisi lilikuwa na ujumbe 61, na bosi alikuwa amenipigia mara tatu kuhusu mzigo wa mteja. Nikakaa hapo hapo na gumbuti zangu nikaanza kujibu. Mpaka saa 8 mchana.

#20 Babu Reli

Kijana, umejijibu mwenyewe. Mimi nimestaafu, nilikuwa TAZARA tangu 1979. Zamani tukienda likizo tunapewa waranti, unapanda treni na familia. Ukishaondoka Dar, nani atakupata? Treni ikiingia sehemu ya Mlimba kwenda Makambako, mahandaki na madaraja moja baada ya jingine, mtu unakaa dirishani unatazama. Karani mwenzako akitaka ufunguo wa kabati atangoje urudi au avunje. Na kazi haikufa. Zile saa za njiani zilikuwa nusu ya likizo. Leo mtu anafika Kibosho mwili umefika, ofisi imefika naye.

#21 Ticha Sumbawanga

Shikamoo babu. Na treni ikiharibika Mlimba siku mbili?

#22 Babu Reli

Marahaba. Tulikula wali wa Mlimba na samaki, tukalala. Hizo nazo zilikuwa likizo.

#23 Mzaramo Ughaibuni

Niko Minnesota. Kwa wanaodhani huku ndiko kuna mapumziko: Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri akupe hata siku moja ya likizo ya mwaka yenye malipo. Ni hiari yake na mkataba wako. Mimi nina siku 10, na nikiugua zinatoka humo humo. Wenzangu wengi hapa hawazimalizi, wanaogopa kuonekana wavivu. Kwa hiyo msilie na sheria ya 2004, muitumie.

Upande wa simu sikubaliani na babu moja kwa moja. Mimi nisipoangalia simu ndiyo wasiwasi unazidi, nawaza yanayonisubiri. Nikiangalia mara moja jioni, dakika 15, nalala.

#24 Msoma Takwimu

Hapa lazima nijirekebishe. Nilisema nafuu ya likizo inaisha haraka. Mdau mmoja amenitumia uchambuzi mpya wa 2025 kutoka Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliokusanya tafiti 32. Wao wameona nafuu ni kubwa na inadumu kuliko tulivyokuwa tukiamini. Walionufaika zaidi ni waliojitenga na kazi kimawazo, na pia waliofanya shughuli za mwili. Soma tena #19.

Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, 2007, walitaja mambo manne yanayomrudisha mtu: kuondoka kazini kimawazo, kutulia, kufanya kitu unachokiweza au unachojifunza, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako. Kwenye mfongo mleta mada alipata la kwanza na la tatu, kutulia hakukuwapo kabisa. Na muda haukuwa wake, ulikuwa wa baba mdogo. Hilo la mwisho linanisumbua, haliingii vizuri kwenye mpango wao.

#25 Mama Wawili

Linaingia. Alikuwa anaonyeshwa kwa kidole hapa na pale. Mtu anayeamua mambo mwaka mzima, siku ambayo mwingine anaamua kwa niaba yake anapumua. Mimi nikienda kwa mama yangu mzazi Singida, ananiambia kaa hapo, kula hiki, lala. Ndiyo siku ninayolala bila kuota.

Na kaka hujanijibu swali langu la #8.

#26 Boda wa Mbagala

Mimi bado nasimama na dada wa Muscat, #11. Mfongo ulimpumzisha kwa sababu hakuna aliyemwomba hela akiwa ndani ya maji.

#27 Nesi wa Dodoma

Na mimi bado naangalia usingizi. Saa 4 za jembe kwenye baridi, nakuhakikishia usiku ule alilala. Kaka, nimekisia vizuri?

#28 Mhasibu wa Bandarini

Nililala saa 3 usiku mpaka saa 12. Ndiyo usiku pekee.

Mama Wawili, nilishindwa kukujibu kwa sababu nilikuwa sijamuuliza. Nilimuuliza juzi. Alikaa kimya, akaniambia tangu tuoane, miaka 11, hajawahi kwenda Kibosho akaona mlima. Yaani anauona akitoka kuteka maji, lakini hajawahi kukaa akautazama. Akasema kila akirudi Dar anaumwa mgongo hadi mwisho wa Januari, nami nilikuwa nadhani ni basi.

#29 Binti Tumbe

Subhanallah. Mwambie dada shemeji yake wa Muscat anamsalimu.

#30 Pangani Mashariki

Kwetu mtu akitaka kuachana na dunia kidogo huingia itikafu kumi la mwisho la Ramadhani. Unakaa msikitini, huna la kuuza wala kununua, unaletewa futari. Nimekaa mara sita maishani. Watu hawaiiti likizo, ni ibada, na nia ni ibada. Lakini akili inavyotoka pale nyepesi, nashindwa kuelezea. Hakuna bahari, hakuna mlima, ni mkeka tu.

#31 Jirani wa Voi

Basi nadharia yangu ya #3 bado hai. Mkeka, treni, mfereji, kwa mama Singida. Popote ambapo hungojewi.

#32 Mama Wawili

Kwa mama nangojewa. Anangoja mwaka mzima.

#33 Msoma Takwimu

Kabla uzi haujahama, kwa wale wanaosema likizo ni anasa. Kuna wanaume wa Helsinki, mameneja na wafanyabiashara, walioanza kufuatiliwa miaka ya 1974 na 1975, wote wakiwa na viashiria vya maradhi ya moyo. Nusu walipewa ushauri wa afya: lishe, mazoezi, kuacha sigara. Miaka 30 baadaye, ndani ya kundi hilo lililopewa ushauri, waliokuwa wakichukua likizo ya wiki 3 au pungufu kwa mwaka walikuwa na uwezekano wa kufa mkubwa kwa asilimia 37 kuliko waliochukua zaidi. Timo Strandberg aliyaeleza hayo 2018. Wenye likizo fupi walikuwa wakifanya kazi zaidi na kulala kidogo.

#34 Mzaramo Ughaibuni

Huenda wenye likizo ndefu ndio waliokuwa na pesa na kazi nyepesi.

#35 Msoma Takwimu

Wote walikuwa mabosi. Ila upo sahihi kwamba haithibitishi likizo ndiyo iliyowaokoa. Inaweza kuwa ni usingizi, kama anavyosema nesi.

#36 Mhasibu wa Bandarini

Wakuu, mrejesho mfupi.

Nimeandika barua ya zile siku 12. Meneja wangu amesema nizichukue mwezi wa 3, zote kwa mkupuo hataki, niende siku 6 na tena 6. Nimekubali.

Jumapili iliyopita nilifanya jaribio. Simu nikaiacha nyumbani chini ya mto, nikawachukua mabinti tukaenda Kunduchi kwa daladala. Mke wangu akabaki peke yake, alitaka hivyo. Saa ya kwanza nilikuwa kama alivyosema mzee wa Pangani. Nagusa mfuko. Nagusa tena. Mdogo akaniuliza baba unawashwa? Saa ya pili tulikuwa tunachimba shimo kwenye mchanga, maji yanaingia, tunatengeneza njia yatoke. Sikujua ninachofanya mpaka mkubwa aliposema, baba, huu si ni mfongo?

Bosi alikuwa amepiga mara nne. Nilimpigia Jumatatu saa 2. Alitaka kujua faili la mteja mmoja liko droo ipi, na alishalipata.

#37 Boda wa Mbagala

Siku 6 za mwezi wa 3 mnaenda wapi? Kama ni Lushoto kuna jamaa yangu ana vyumba karibu na Irente, bei ya kawaida. Mbebe sweta.

#38 Mhasibu wa Bandarini

Tumepanga hivi. Siku 6 za kwanza mke wangu anakwenda kwao Korogwe, peke yake, mimi nabaki na watoto na kupika. Za pili bado. Mimi nataka Kibosho, kabla ya masika, zamu ya mfongo ipo tena.

#39 Mama Wawili

Nenda na yeye. Ukifika, mwekee kiti upande unaoonekana mlima, na ndizi umenye wewe. Kumbuka mafuta ya kupaka vidoleni.